Siku Moja Maishani Mwangu: Shokapu Zilizotoka kwenye Modeli Nyingine

Saa moja asubuhi, nilipofungua gereji yangu hapa Ngamiani, Tanga, nilikuta pikipiki ya magurudumu manne ya shamba moja la mkonge, upande wa barabara ya Pangani, ikinisubiri mlangoni. Shokapu zake za mbele, yaani vizuia mtikisiko, zilikuwa zimevuja mafuta zote mbili na fimbo zake zimeliwa na kutu, kama vinavyoliwa vyuma vyote vinavyopigwa na hewa ya bahari. Msimamizi aliyeileta alinikabidhi mfuko wenye shokapu mbili nzima, zilizotolewa kwenye modeli ya mashindano.

“Shikamoo, fundi. Nimelinganisha matundu ya bolti, naona zitaingia.”

“Marahaba, mwanangu. Tundu halinisumbui. Tupime urefu kwanza.”

Saa mbili nilizilaza mezani. Kutoka tundu la juu hadi la chini, shokapu ya zamani ina milimita 330, na hii ngeni ina 352. Milimita 22 huonekana kidogo mezani, lakini shokapu haikufungwa kwenye gurudumu. Imefungwa katikati ya mkono wa chini, na mkono huo ni wenzo. Nilipoinua gurudumu milimita 100 kwa jeki, shokapu ilifupika milimita 52 tu. Kwa hiyo zile 22 zingelishusha gurudumu kwa zaidi ya milimita 40, bojointi, kiungo cha duara kinachoshika gurudumu kwenye mkono, ingelala pembe kali kuliko iliyotengenezewa, na hosi ya breki ingevutika kila gurudumu linaponing'inia.

Saa tatu nilimtuma mwanafunzi wangu kwa mkerezaji akachongewe bushi, vikuku vya chuma vya kuziba nafasi, kwa kuwa matundu ya shokapu ngeni ni ya milimita 12 na bolti za pikipiki ni za 10. Mimi nilichomoa betri, maana sichomelei chombo chochote chenye betri iliyounganishwa, nikakata vipande vya bamba la milimita 6 vya kupandisha kishikio cha juu kwa milimita 22. Nilivishika kwa vidoto vitatu tu vya kuchomelea, ili nikikosea niweze kuving'oa.

Saa sita nilikwenda kuswali, nikala wali na samaki, nikarudi.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ilianza saa saba. Nilitoa springi, nikafunga shokapu tupu bila springi, kisha nikalipandisha na kulishusha gurudumu polepole kwa jeki, huku nikiugeuza usukani kushoto na kulia katika kila hatua. Mafundi wengi huiruka hatua hii, na hilo hunihuzunisha, kwa sababu springi ikishafungwa huwezi tena kuona kinachogusana pale dereva anapoangukia shimo. Chini, kila kitu kilikuwa salama na hosi ilibaki imelegea. Juu, tairi liligusa madigadi wakati fimbo bado ina milimita 15 za kuingia, kwani shokapu ya mashindano ina mwendo mrefu, yaani fimbo yake huingia umbali mkubwa, kuliko ile ya zamani. Nilivisha kila fimbo mpira wa kuzuia wenye unene wa milimita 20, nikapima upya, tairi likasimama kabla ya kugusa. Hapo ndipo nilipochomelea moja kwa moja, nikaweka kipande cha kuunganisha vishikio viwili ili visijikunje, nikapaka rangi ya kuzuia kutu mara mbili.

Saa kumi, springi zikiwa zimerudi na rangi imekauka, msimamizi alipanda. Gurudumu lilizama milimita 85, ilhali mimi hutaka takriban theluthi ya mwendo wote wa gurudumu kutoka chini hadi juu, yaani 60 na kitu. Nilikaza pete za springi hadi kipimo kikasoma 63. Hata hivyo kukaza pete huinua chombo tu, hakuifanyi springi kuwa ngumu, na springi hizi zilitengenezwa kwa chombo chepesi. Nilimweleza waziwazi kwamba asiweke mzigo kwenye kichanja cha mbele mpaka nipate springi ngumu zaidi, naye akakubali.

Saa kumi na moja tuliijaribu kwenye njia ya mchanga, tukarudi nikakaza tena kila nati. Kabla hajaondoka niliandika vipimo vyote kwa kalamu ya rangi chini ya kiti, ili fundi atakayeifungua baadaye ajue shokapu hizi si zake za asili.