Tulivyoacha kukata kitovu haraka

Kila niliyemwomba ushauri wa kuwafanya wakunga wasikate kitovu cha mtoto haraka alinijibu vilevile: waite semina, waonyeshe utafiti, watabadilika wenyewe. Nikawaita. Nikaeleza kuwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2014 unataka kitovu kisibanwe kabla ya dakika 1 kupita, kwa sababu damu ya kwenye kondo la nyuma bado inaingia kwa mtoto na inamwachia akiba ya madini ya chuma kwa miezi kadhaa. Wakaitikia, wakasaini mahudhurio. Wiki iliyofuata nilisimama pembeni na saa yangu, nikihesabu tangu mtoto atoke mpaka kitovu kibanwe: sekunde 15, sekunde 20, sekunde 12. Nikabandika mwongozo ukutani. Haukusaidia kitu. Mpaka leo nikisikia mtu anasema "semina" damu inanichemka.

Jibu nililipata zamu ya usiku. Mkunga mmoja mkongwe alizalisha vizuri sana, halafu akakata palepale. Nikamuuliza kwa upole, "Mama, mbona mapema?"

"Mwanangu, sindano ya kuzuia mama asivuje damu inatakiwa ndani ya dakika moja. Nisipokata, mikono nitaitoa wapi?"

Nilinyamaza. Alikuwa anatii mwongozo mmoja kwa kuuvunja mwingine, na hakuna semina iliyowahi kumuuliza habari za mikono yake.

Tukakaa naye, tukapanga upya. Oksitosini, ndiyo dawa ya sindano ile ya kuzuia damu, haisubiri kitovu: mtoto analazwa tumboni kwa mama, na sindano iliyovutwa dawa mapema inachomwa pajani mwa mama. Kisha ikaja mbinu ninayojivunia mpaka kesho. Mkasi na vibanio vilikuwa juu kabisa ya trei, jicho likiviona mkono unakwenda. Tukavihamishia chini ya kitambaa cha pili, kile kikavu cha kumfunikia mtoto, vyote vikiwa vimetakaswa. Ili uufikie mkasi, lazima umfute mtoto kwanza, uondoe kitambaa kilicholowa, umfunike kwa kikavu. Ukimaliza hayo sekunde nyingi zimeshapita bila mtu kukukumbusha. Gharama yake? Saa ya ukutani tu, tena ilikuwepo, tuliihamisha upande ambao mkunga anatazama.

Mtoto ambaye hapumui hata baada ya kufutwa na kusuguliwa mgongo ni habari nyingine: kitovu kinakatwa mara moja, anawekewa ambu, yaani mfuko wa kumpulizia hewa. Hilo tulilifanyia mazoezi zaidi ya jambo lolote, maana hofu hiyo ndiyo iliyokuwa inawafanya wengi wakimbilie mkasi kwa kila mtoto.

Juzi nilimkuta mkunga yule yule na mwanafunzi. Kitovu bado kilikuwa kinene, cha rangi ya samawati, kimejisokota. Akamshika mwanafunzi vidole, akaviweka juu yake. "Unasikia kinavyopiga? Bado anapokea. Usiguse mkasi." Wakangoja pamoja mpaka kikalegea na kuwa cheupe.