Waliotoboa Dari

Wapendwa katika Bwana, Neno letu la wiki hii ni Marko 2:1–12, habari ya mtu mwenye kupooza aliyechukuliwa na watu wanne hadi mbele ya Yesu huko Kapernaumu, nao, kwa kuwa umati uliwazuia kumkaribia, wakatoboa dari na kumteremsha. Nimelichagua kwa sababu Jumamosi iliyopita mwenzetu mmoja wa jumuiya alisherehekea siku yake ya kuzaliwa kwa namna iliyonifanya nilisome upya: hakukodi ukumbi wala muziki, bali aliwaalika marafiki wachache waende naye kutazama maonyesho ya usanifu majengo hapa hapa Dodoma, kisha wakale pamoja nyumbani kwake.

Wapo miongoni mwetu wanaoona kwamba Mkristo hapaswi kuadhimisha siku ya kuzaliwa, nao wana hoja. Karamu mbili za namna hiyo zinazotajwa waziwazi katika Biblia, ya Farao katika Mwanzo 40 na ya Herode katika Marko 6, ziliisha zote kwa mtu kuuawa. Siidharau hoja hiyo, ila sidhani kwamba ubaya ulikuwa katika tarehe. Tazameni waalikwa wa Herode: wakubwa wake, majemadari na watu wenye vyeo wa Galilaya. Hatuambiwi kwamba hata mmoja wao alikuwa rafiki yake. Mfalme alisikitika sana alipoombwa kichwa cha Yohana Mbatizaji, lakini kwa ajili ya viapo vyake, na kwa kuwaonea haya walioketi naye karamuni, akatoa amri. Mwenye sherehe alikuwa mateka wa wageni wake mwenyewe.

Sasa turudi kwa wale wanne. Katika maonyesho tuliyoyatembelea, meza za mbele zilijaa mifano ya maghorofa yenye vioo, ya aina tunayoiona ikiinuka kule Mtumba kwenye Mji wa Serikali, na ukutani ilitundikwa michoro ya makao makuu, mji ulioamuliwa mwaka 1973 na kuandaliwa mpango wake mkuu mwaka 1976. Vijana walijazana hapo wakipiga picha, nami siwalaumu. Pembeni, mahali ambapo wengi walipita bila kusimama, palikuwa na mfano wa tembe la Kigogo, nyumba ya asili yenye paa bapa, ambalo paa lake lilikatwa ubavuni ili tabaka zake zionekane: boriti zilizolazwa juu ya nguzo zenye panda, fito zilizobanana, nyasi, na juu kabisa udongo ulioshindiliwa. Mzee mmoja aliyefuatana nasi, ambaye alizaliwa ndani ya tembe, alitueleza kwamba juu ya paa kama lile walikuwa wakianika nafaka, na kwamba kabla ya masika ni lazima udongo ukandikwe upya, la sivyo nyumba nzima itavuja.

Sisi tuliokulia chini ya bati husoma kwamba “waliitoboa dari” na kupita haraka, kana kwamba watu wale waling’oa misumari michache. Lakini nyumba za kawaida za Wayahudi wa siku zile zilikuwa na paa bapa la miti na udongo, ambalo mtu aliweza kupanda na kukaa juu yake, hata Torati ikaagiza liwekewe ukuta kando kando asije mtu akaanguka (Kumbukumbu la Torati 22:8). Kulitoboa paa la namna hiyo ni kuchimba, tena kwa muda, huku mavumbi na mabonge yakiwaangukia waliokaa chini, pamoja na waandishi, yaani walimu wa Torati, waliokuwa wameketi hapo wakifikiri mioyoni mwao. Wala Yesu hakuwakemea wale wanne. Alipoiona imani yao alimwambia yule mwenye kupooza kwamba amesamehewa dhambi zake, na katika habari yote mgonjwa mwenyewe hatumsikii akisema hata neno moja.

Chakula kilikuwa kizuri, na sioni sababu ya kukificha: pilau, mbuzi wa kuchoma, zabibu za hapa kwetu zilizooshwa zikaletwa zikiwa bado zinadondosha maji na, kwa waliotaka ladha ya Ugogo, ugali wa uwele kwa mlenda uliotiwa karanga. Kabla ya keki kukatwa, mwenye sherehe aliomba asiimbiwe kwanza. Akawataja waliokuwapo mmoja baada ya mwingine: aliyekesha naye hospitalini, aliyemkopesha kodi ya nyumba na asimdai, na dada mmoja aliyemfuata mpaka kazini kumwuliza kwa nini ameacha ibada. Pilau ilipoa, na sikuona aliyejali.

Yupo mtu mmoja katika habari hii ambaye Marko hamtaji, naye ni mwenye nyumba. Wageni walipoondoka wakimtukuza Mungu, yeye alibaki na tundu juu ya kichwa chake, na kwa maelezo ya mzee wetu najua kazi iliyokuwa ikimngojea. Basi tutakapokutana Alhamisi, kila mmoja aje na jina la mtu katika mtaa wetu ambaye siku yake ya kuzaliwa hupita bila mtu kubisha hodi, nasi tukubaliane ni nani watakaomchukua, na ni nyumba ya nani itakayotumika.