Rangi kwenye meno ya difu

Difu ya nyuma, yaani gia zinazopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma, au ponti kama tunavyoiita hapa Bukavu, imerudi mahali pake leo. Land Rover yetu ni Series III ya mwaka 1978, na mlio uliotoka chini yake kila nilipoachia pedali ya mafuta kwenye mteremko wa Kadutu ulikuwa umeninyima raha kwa miezi kadhaa.

Kuitoa hakukunisumbua. Kabla ya kufungua vifuniko vya beringi nilivitia alama kwa patasi, kwa kuwa kila kimoja kilichongwa pamoja na upande wake, na vikibadilishana havikai sawa tena. Meno yalikuwa mazima, jambo lililonifurahisha sana: gia kubwa ina meno 47 na pinioni, gia ndogo inayoizungusha, ina 10, namba zisizo na kigawo cha pamoja zaidi ya 1, kwa hiyo kila jino limekutana na kila jino la mwenzake kwa miaka yote hiyo, na sikutaka kuzitenganisha. Zilizokwisha ni beringi za pinioni.

Kazi kubwa ilikuwa kupima. Kwa kukosa saa ya kupimia, kile kipimo cha mshale cha mafundi, nilipitisha waya laini wa kulehemu katikati ya meno, nikazungusha taratibu, kisha nikaupima kwa kalipa pale ulipobanwa, nikitafuta nafasi ya milimita 0.20 hadi 0.25 kati ya meno ya gia hizo mbili. Ukazo wa beringi mpya niliupima kwa uzi uliozungushwa kwenye flenji, sahani iliyo mwishoni mwa pinioni, na kuvutwa kwa mizani ya ndoano, niliyoazimwa na mama muuza samaki jirani yetu. Mwanangu alivuta, akaniambia, "Papa, mshale umetulia."

Juzi usiku, umeme ukiwa umekatika, nilipaka rangi nyeupe ya mafuta kwenye meno machache ili nione yanapogusana, tukazungusha huku mwanangu akiizuia gia kubwa kwa kipande cha mbao. Chini ya tochi alama ilionekana kama punje ya mchele iliyolala karibu na shina la jino, maana yake pinioni imeingia mno. Nilikaa kimya kwa muda, kwani kuondoa shimu moja nyembamba, kipande cha bati kinachopanga kina cha pinioni, kulimaanisha kubomoa kila kitu na kupima upya. Jana tulibomoa. Mara ya pili alama ilikaa katikati ya jino.

Jioni hii tumeshuka na gari hadi mtaa wa Nguba. Nilipoachia mafuta nilisikia matairi tu.