Jumamosi ya mtihani wa kipaimara

Mtihani wa mdomo ulifanyika Jumamosi, siku moja kabla ya ibada ya kipaimara, katika usharika mmoja wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) upande wa Machame, Kilimanjaro. Vijana walikaa mabenchi ya mbele, wazee wa kanisa pembeni, wazazi nyuma. Mchungaji mgeni ndiye aliyeuliza, na hakuanza na amri ya kwanza. Alimgeukia kijana wa mwanzo: "Mama ametia maji kwenye maziwa akayapeleka sokoni. Amevunja amri ya ngapi?"

Kijana yule alikuwa hodari wa kukariri. Akianza "Mimi ni Bwana, Mungu wako", alifika ya kumi bila kukwama. Sasa alihesabu kwa vidole, midomo ikicheza, kisha akasema, "Ya nane."

Wazee wakaguna. Mchungaji hakumkemea. Alimuuliza kipindi cha dini shuleni alifundishwa na nani, akajibiwa ni mwalimu Mwanglikana. Hapo ndipo penye kikwazo, na kinawapata watoto wengi. Waanglikana huhesabu katazo la sanamu kuwa amri ya pili, kwa hiyo "Usiibe" kwao ni ya nane, na tamaa zote ziko katika ya kumi. Katekisimo Ndogo ya Martin Luther, kitabu cha mafundisho ya imani wanachojifunza Walutheri, huweka sanamu ndani ya amri ya kwanza na kuigawa tamaa katika ya tisa na ya kumi. "Usiibe" inakuwa ya saba. Mtoto aelezwe hesabu zote mbili mapema, na aulizwe kwa maneno ya amri kabla ya namba.

Swali la pili ndilo lililonyamazisha benchi zima: "Basi huyo mama amfanyie nini mnunuzi?" Walikuwa wamekariri, katika maana ya amri hiyo, kwamba tusichukue mali ya jirani wala kuipata kwa bidhaa mbovu au hila, bali tumsaidie mali yake istawi na ilindwe. Ile "bali" ilipita midomoni tu. Binti mmoja akainua mkono: "Ampe maziwa yasiyochanganywa, na lita iwe imejaa. Akizidishiwa chenji, airudishe."

Baada ya mtihani nilimfuata bibi wa binti huyo, aliyemlea, nikamuuliza walisomaje nyumbani. Alinieleza bila kujivuna. Jioni baada ya chakula: wimbo mmoja wa *Mwimbieni Bwana*, kitabu cha nyimbo cha KKKT, mistari michache ya Biblia, amri ya wiki, maombi. Haizidi robo saa, maana mtoto aliyetoka shule na kukata majani ya ng'ombe husinzia. Amri ni moja tu kwa wiki nzima. Mtoto ambaye hajaanza shule anashika maneno ya amri peke yake. Maana yake huja akishaanza kusoma. Na maneno hayabadilishwi: nyumba ikitumia tafsiri moja na darasa nyingine, mtoto hukwama katikati ya sentensi, naye hudhani amesahau.

Maswali yenyewe aliyauliza mchana, wakimenya ndizi au wakikamua. "Jirani amekusingizia, wewe ukikutana na rafiki yake utasema nini?" Hiyo ni ya nane, ya kutomshuhudia jirani uongo, na jibu linatakiwa lifike kwenye kumtetea jirani na kuyachukua mambo yake kwa upande mzuri. Kila amri alitaka mambo mawili: lisilofanywa, na linalofanywa badala yake. Mjukuu akitoa la kwanza tu, swali lilibaki wazi hadi kesho.

Bibi huyu hakuwa amesoma dibaji ya Katekisimo, lakini alifanya yaliyomo. Luther aliichapisha mwaka 1529, baada ya kukagua sharika za Saxony, Ujerumani, na kukuta watu hawajui hata Sala ya Bwana. Katika vichwa vya sehemu aliandika kwamba mkuu wa nyumba awafundishe walio chini yake, akaagiza maneno yasibadilishwe kwa wadogo. Aliagiza pia kila amri ikaziwe pale inapopuuzwa: ya saba kwa mafundi, wachuuzi na wakulima, ya nne, ya kuwaheshimu wazazi, kwa watoto. Swali la maziwa, katika kijiji cha wafugaji, lilikuwa limetoka huko huko.

Wote walibarikiwa kesho yake. Darasa lililofuata tulianza kuuliza amri bila mpangilio tangu mwezi wa kwanza, na wazazi tukawapa karatasi ya amri ya wiki, yenye maswali mawili ya kuulizwa wakati wa kazi.