Siku moja maishani mwangu: mbeba chokaa wa Ngome ya Lamu

Watu wakisikia naigiza historia pale ngomeni wanadhani mimi ndo liwali, yule gavana wa sultani, joho jeusi na jambia kiunoni. Hapana. Mimi nabeba chokaa. Joho anavaa mwenzangu, na linampendeza mashallah, lakini mimi hii nafasi niliitaka mwenyewe na leo nataka niwaonyeshe siku yangu nzima ili muelewe kwa nini siiachii.

Saa 11 alfajiri adhana, naswali, alafu kitu cha kwanza nauliza ni maji. Maji ya bahari. Siku tukiwa na wanafunzi tunaanzia kijiji cha Shela kabla ya kuja ngomeni, na stori ya vita vya Shela bila maji kutoka haisimuliki vizuri, mtoto hataelewa. Leo ni bamvua kwa iyo saa 4 na kitu asubuhi yatakua yametoka kabisa, pwani imekaa wazi. Nikamtumia mwenzangu sauti kwenye simu, mwambie nahodha atuwahi, tusifike pale maji yameanza kurudi.

Saa 12 na nusu mahamri na mbaazi, chai ya maziwa, nimekula nimesimama. Mama ananiambia baba we kaa ule kama watu. Nikamwambia mama leo kuna watoto wanavuka kutoka Mokowe, kule bara.

Saa 1 niko Mkunguni, uwanja wa mbele ya ngome. Saa hizi ndo Lamu naipenda zaidi, punda washaanza kupita na mchanga mgongoni, soko la pembeni mwa ngome samaki wanashushwa, wazee wanne watano wako kwenye mabenchi yao. Unasalimia wote, sabalkheri huyu, shikamoo yule, huwezi kupita tu hapa. Alafu naingia ndani kutayarisha chokaa, na hapa nitakaa kidogo manake ndo kazi yenyewe.

Tulipoanza kuna mtu alishauri tutumie unga wa ngano, ati kwa mbali hautofautiki. Nilikataa kabisa. Ukisimama mbele ya ukuta ulomalizwa kujengwa karibu 1821 kwa mawe na chokaa, alafu mkononi una unga wa chapati, unamdanganya mtu na ukuta mwenyewe unakuona. Kwa iyo natumia chokaa ya kweli, ya kuchoma. Mawe ya matumbawe yanapangwa juu ya kuni kwa duara, yanatiwa moto, yakishaiva yanabaki meupe mepesi, ukiyamwagia maji yanachemka yenyewe na kupasuka mpaka yanakua unga. Mimi naichukua kwa mafundi ikiwa imeshakua unga, nairudia kuchekecha, naichanganya na mchanga na maji kwenye karai kidogo kidogo. Lazima uipige. Si kukoroga, kupiga, na mwiko unausikia kabisa unapobadilika, mwanzo unazama tu, baadae unaanza kushikwa. Mikono naipaka mafuta ya nazi kwanza lakini wapi, ngozi ya vidole inakauka na kuchanika vile vile, kwenye kucha ndo zaidi. Watoto hawashiki bila glavu, hilo hatujadiliani.

Saa 3 wanafunzi wamefika, darasa la saba, maboya mekundu bado shingoni na walimu wawili. Tukaingia mashua moja kwa moja mpaka Shela.

Saa 4 na nusu tuko mchangani. Mwenzangu wa joho leo asubuhi ni Bwana Zahidi Mngumi, kiongozi wa Lamu wakati ule, na alikua mshairi pia, kwa iyo anaanza kwa sauti ya kutunga sio ya kupiga kelele. Watoto tukawagawa pande mbili. Hawa Lamu, hawa jeshi la Pate, kisiwa jirani, na Mazrui, watawala wa Mombasa, na hii ni karibu 1812. Pate ilikua imeitawala Lamu muda mrefu na Lamu imechoka. Jeshi likashuka hapa Shela, watu wa Lamu wakatoka mjini kuwakabili, wakawasukuma, wakawasukuma mpaka baharini, na hapo ndo unawaambia watoto geukeni mtazame vyombo vyenu viko wapi. Wanageuka. Mashua yetu imelala ubavu kwenye mchanga, maji yako mbaali kule. Kimya. Mtoto mmoja akasema "wamekwisha hawa". Ndivyo ilivyokua, vyombo vilikwama, pa kukimbilia hapakua. Wazee husimulia kwamba mifupa ilikua ikionekana kwenye vilima vya mchanga miaka na miaka baadae.

Alafu kuna binti, mdogo mdogo ivi, akanishika kanzu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, bibi yangu ni mtu wa Pate, mimi nikae upande gani?" Nikamwambia kaa pale pale ulipo na utaona. Manake sisi kwenye mchezo wetu Pate ana mdomo wake. Anatoka mtu wa Pate anaeleza mji wake ulivyokua, hariri, dhahabu, washairi, siwa (baragumu kubwa) ya pembe za ndovu, na kwa nini aliona Lamu inamtoroka. Hiyo siwa ya Pate iko jumba la makumbusho la Lamu mpaka leo, nikamwambia mwalimu wake ampitishe aione. Kushinda vita hakukumfanya mtu wa Lamu kua mzuri zaidi, nyumba ngapi hapa zina damu zote mbili.

Na ushindi wenyewe ulileta hofu. Lamu wakajua hawa watarudi, wakapeleka ujumbe kwa Seyyid Said wa Oman awalinde, akakubali, akaleta liwali na askari, na hapo ndo ngome ikamalizwa kujengwa. Fumo Madi, sultani wa Pate, ndo alieianza ngome hii alafu akafa 1809, kwa iyo fikiria, jengo limeanzwa na mtawala wa Pate likaja kumalizwa na wale wale walioikimbia Pate.

Adhuhuri tukaswali Msikiti wa Pwani hapo nyuma ya ngome, watoto wakala wali wa nazi na samaki, maji ya ukwaju.

Saa 8 mchana ndo zamu yangu. Uwanja wa ndani wa ngome, kuta zimeuzunguka pande zote, baraza ya juu ina kivuli. Natoka na karai kichwani, kikoi kiunoni na kitambaa begani, basi. Sisemi kitu. Napita katikati yao, naweka karai, napiga chokaa, na kwa muda kinachosikika ni mwiko tu. Watoto wanaanza kucheka, alafu wanaacha, alafu wanasogea. Hapo ndo naongea. Nawaambia mimi ni mtumwa wa nyumba moja ya mtaa wa Mkomani, bwana wangu amenikodisha kwa fundi, ujira anachukua yeye. Mawe yanakuja kwa mashua kutoka Maweni kule kisiwa cha Manda, boriti zinakatwa kwenye mikoko na zinahesabiwa kwa korija, ishirini ishirini. Nawapa boriti moja ya kweli waibebe wanne. Nzito. Nawaambia pimeni upana wa chumba kwa hii boriti, na wanagundua wenyewe kwa nini vyumba vya majumba ya kale ya Lamu ni virefu na vyembamba, karibu mita tatu tu, manake dari inabebwa na mkoko na mkoko una urefu wake.

Historia imetuachia jina la Fumo Madi, la Seyyid Said, la Zahidi Mngumi. Aliebeba hili karai hana jina. Lamu ilikua na watumwa, mashambani bara, majumbani, bandarini, na sheria ya kuondoa utumwa pwani hii imekuja 1907, si zamani sana, kuna mababu wa watu humu mjini walizaliwa ndani yake. Kuna wakala mmoja wa watalii alitaka nivae minyororo ati picha zitoke vizuri. Tulikataa kama kikundi na kazi yake tukaiacha. Mtu aliebeba mawe siku nzima alikua na ujuzi, alijua chokaa imeiva au haijaiva, alikua na mgongo unaomuuma na wimbo wa kubebea, alikua mtu. Mimi nataka mtoto atoke hapa anajua ujuzi ule, sio anakumbuka mnyororo.

Sasa wakati watoto wanavaa glavu wajaribu kupiga lipu kwenye ukuta wetu wa mazoezi (ule halisi hauguswi, ule uko chini ya makumbusho na unatengenezwa na mafundi wake), mzee mmoja wa mabenchi ya Mkunguni kaingia. Kasimama muda, fimbo mkononi. Mwisho akaniita.

"Ndoo hapa mwanangu. Hapo mulipoweka karai, munajua palikua na nini?"

"Sijui babu, tuambie."

"Palikua na foleni ya uji. Wafungwa."

Watoto wote wakageuka. Manake ndio, ngome hii imekua jela kuanzia 1910 mpaka 1984, miaka 74, alafu ndo ikaenda kwa makumbusho ya taifa. Kwa watu wa rika lake hapa si pa sultani wala pa watalii, hapa ni mahali ukiwa mdogo unapita haraka haraka. Akawaonyesha kwa fimbo mlango gani wafungwa walikua wakitolewa asubuhi kwenda kazini, na akawaambia kwamba kutoka uwanjani ulikua unasikia kufuli kubwa likifungwa jioni. Mwalimu akauliza swali, mtoto akauliza, mzee akavutiwa kiti, na shoo yangu ikaishia hapo bila mimi kumaliza maneno yangu, na sikutaka kuyamaliza. Yule ndo alikua anajua.

Saa 9 na nusu watoto wakarudi jetini, yule binti wa bibi wa Pate akanipungia mkono na chokaa bado iko kwenye nyusi zake.

Alasiri, alafu kuosha vyombo. Chokaa ikikauka kwenye karai haitoki tena kwa iyo hii kazi haisubiri. Nguo zinaanikwa baraza ya juu, joho linapigwa pasi na mwenye joho.

Saa 12 jioni kikundi tukakaa juu kwenye ukuta upande wa uwanja, kahawa tungu na kashata, tukaongea jela. Wengine wanaona tukiongeza jela shoo itakua ndefu na wageni wanataka enzi za masultani tu. Mimi nikasema hao wageni wanakaa siku mbili, mzee yule yuko hapa kila asubuhi, na wafungwa wale wengine bado wako hai au watoto wao wako hai, wanapita hapa kwenda sokoni. Tukakubaliana tuanze na dakika kumi, na hakuna neno litakalosemwa bila wazee kulisikia kwanza. Kuandika nimepewa mimi.

Saa 3 usiku niko nyumbani, mikono nimeitia mafuta tena, nimefungua daftari. Kesho baada ya asri napita mtaa wa Langoni kwa bibi mmoja ambae mumewe alikua askari jela, nimemtumia salamu na mjukuu wake na amekubali kuniona. Nataka kumuuliza nani alikua anapika ule uji, na familia za wafungwa wa visiwani, wa Faza na Siyu kule, zikija kuwaona zilikua zinalala wapi.