Tope la mtoni likishachimbwa, linaenda wapi?

Mto ukijaa tope kila mtu anasema kitu kimoja, uchimbwe, uchimbwe haraka kabla mvua hazijaja, na mimi siwapingi hata kidogo kwa sababu nimeshaona maji yakipita kingo na kuingia majumbani mwa watu. Ila swali linaloachwa mwisho kabisa ndo lilitakiwa liwe la kwanza: hilo tope tunalipeleka wapi? Nimeshashuhudia katapila likichota wiki nzima na kumwaga palepale ukingoni, lundo refu kuliko mtu, halafu mvua kubwa ya kwanza tu sehemu kubwa ikarudi mtoni. Hela imeenda, mafuta yameenda, mto uko vilevile. Iliniuma sana.

Shida ni kwamba watu wanadhani tope lote ni moja, na si kweli. Mchanga wa chembe kubwa mara nyingi ni msafi, utajazia mashimo, utajengea, watu wenyewe wataugombania. Kazi iko kwenye lile laini jeusi la kunata, zile chembe ndogo ndogo ndo zinazoshika sumu, madini ya risasi, zebaki, mafuta ya viwandani, yaani uchafu wa miaka mingi uliopita huko juu umelala humo. Na kuna tope lingine halijawahi kuguswa na kiwanda chochote lakini lina salfa iliyoungana na chuma, likikaa chini ya maji bila hewa halina neno, ukilianika tu juani oksijeni inaingia na linaanza kutoa asidi, nyasi zinakauka, samaki kwenye mtaro wa karibu wanakufa. Ndo maana nang'ang'ania sampuli ziende maabara kabla hata ya kutafuta matipa, na zichukuliwe sehemu nyingi na vina tofauti, maana uchafu wa zamani mara nyingi umefukiwa chini.

Angalia mto Hudson kule Marekani. Viwanda viwili vya kampuni ya General Electric viliachia PCB, kemikali za sumu za viwandani, mtoni kati ya 1947 na 1977, uchimbaji umekuja kuanza 2009 na kuisha 2015, zikatoka zaidi ya mita za ujazo milioni 2. Moja ya mambo yaliyogombaniwa miaka na miaka ni dampo, wenyeji walikataa tope lisizikwe kwao, mwishowe likakamuliwa maji kwenye mji wa Fort Edward kandokando ya mto huo likapakiwa kwenye treni kwenda madampo ya mbali, lingine mpaka Texas. Waliokataa nawaelewa kabisa, lakini nawafikiria pia wanaoishi pale reli inapoishia.

Kwenye ghuba ya Chesapeake, hukohuko Marekani, ni tofauti. Kisiwa cha Poplar kilikuwa kimeliwa na maji kikabaki vipande tu, tangu 1998 wanakijenga upya kwa udongo unaotoka kwenye njia za meli za bandari ya Baltimore, leo ndege wanaatamia mayai na kobe wa majini wanataga pale. Wameweza kwa sababu walijua walichobeba.

Halafu kuna maji, hapa ndo wengi wanateleza. Ukifyonza kwa bomba, kinachokuja sehemu kubwa ni maji na tope lenyewe ni kidogo, kwahiyo ukipiga hesabu ya udongo peke yake eneo lako litajaa kabla hujafika nusu ya kazi. Unahitaji bwawa la kulituliza, lenye tuta imara, tope lishuke chini taratibu na maji ya juu yarudi mtoni yakiwa yametulia na yamepimwa, na hiyo inachukua muda ambao hakuna mwanasiasa anaupenda.

Na eneo lenyewe mara nyingi linachaguliwa kwa sababu ni rahisi kulipata, bonde fulani, kinamasi fulani, yaani mahali ambapo maji ya mafuriko huwa yanakwenda kupumzika. Ukilijaza hapo umeshayafukuza yaende kwa mtu mwingine. Waulizwe wanaoishi jirani kabla ramani haijachorwa, hasa wenye visima, maana wao wanajua maji ya chini yako kina gani na mwaka wa mvua kubwa yalifika wapi.