Umeng'olewa jino? Angalia unavyokunywa, si unachokunywa tu

Jino likitoka, shimo lililobaki hujaa damu, na damu hiyo huganda ikawa donge. Donge hilo ndilo bandeji yako: linafunika mfupa na neva mpaka nyama mpya iote. Karibu kila katazo la vinywaji linatokana na hapo, kwamba donge lisichomoke wala lisiyeyuke.

Kwanza ile pamba uliyowekewa na daktari juu ya pengo. Iume kwa dakika 30 hadi 45 bila kupiga gumzo na bila kunywa chochote. Ukishaitoa, anza na maji ya kawaida au baridi, mafunda madogo, kutoka kwenye kikombe. Ganzi hukaa saa kadhaa, kwa hiyo chai ya thermosi inaweza kukuunguza mdomo usihisi lolote hadi jioni.

Na chai ndiyo inayowashinda wengi Nairobi. Saa 24 za mwanzo, iache ipoe kabisa. Joto hupanua mishipa ya damu, na jeraha lililokuwa limetulia likaanza kuvuja tena. Kahawa na supu ya mifupa ni hivyo hivyo. Ile "dawa" ya ndimu, tangawizi na asali ina makosa mawili, moto na ukali wa ndimu.

Mrija usiuguse kwa wiki nzima. Ukinyonya, mashavu huingia ndani, na nguvu ile ile inayopandisha soda ndiyo inayovuta donge. Watu huukataa mrija vizuri tu, kisha wanang'ata pembe ya pakiti ya yogati na kuifyonza! Chupa ya maji yenye chuchu pia ni mrija. Kata pakiti kwa makasi, mimina kikombeni. Kutematema mate ndani ya matatu hadi nyumbani nako kunafanya kazi ile ile. Mate yenye wekundu kidogo siku ya kwanza ni kawaida, yameze.

Basi unywe nini? Maziwa baridi, mala, maji kwa wingi, uji mwepesi wa vuguvugu. Uji wa wimbi uchuje, maana chenga za unga hujificha shimoni na mswaki haufiki huko. Juisi nzito ya parachichi au embe iliyosagwa na maziwa inashibisha kweli. Uile kwa kijiko kama imekuwa nzito mno. Pasheni yenye mbegu hapana. Miwa ya kando ya barabara mara nyingi hukamuliwa pamoja na ndimu na tangawizi, hivyo isubiri kidonda kitulie. Soda ina gesi na asidi, na kuichanganya na maji hakuondoi sukari.

Dawa za maumivu kama ibuprofen au diclofenac huchoma tumbo tupu, kwa hiyo kunywa uji kwanza. Aspirini usijinunulie, inazuia damu kuganda. Pombe iache angalau saa 24, na kama umepewa metronidazole (wengi wanaijua kwa jina la Flagyl), usionje hata bia moja hadi siku mbili zipite baada ya kidonge cha mwisho. Vikikutana unaweza kutapika, kichwa kikagonga na moyo ukaenda mbio. Sigara na miraa ni adui zaidi ya vinywaji vyote hivi.

Maji ya chumvi huanza siku ya pili, si ya kwanza. Nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, mara nne au tano kwa siku, hasa baada ya kula. Usisukutue kwa nguvu: inamisha kichwa upande huu na ule, kisha fungua mdomo maji yaanguke yenyewe kwenye sinki.

Damu ikirudi, chovya mfuko wa majani ya chai kwenye maji moto, uache upoe, uweke juu ya pengo na uume dakika 30. Tanini ya chai husaidia damu kuganda. Isipokoma, rudi kwa daktari usiku huo huo. Rudi pia kama maumivu yalikuwa yakipungua halafu siku ya tatu yakapanda mpaka sikioni, mdomo ukinuka: donge limetoka, mfupa uko wazi. Karafuu ya nyumbani itatuliza kidogo tu. Shimo linahitaji kuoshwa na kuwekewa dawa na daktari wa meno.